Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: karatasi, kodi na mikataba ya biashara ndogo Lubumbashi

Majibu haya ni ya muuzaji, fundi au kijana anayeanza na mtaji mdogo katika komine (mtaa wenye utawala wake) yoyote kati ya saba za Lubumbashi. Sheria zinazotajwa ni za Kongo na za OHADA, umoja wa sheria za biashara ambao nchi yetu iliingia mwaka 2012 na ambao leo una nchi 17. Zambia na Tanzania hazimo, kwa hiyo ushauri wa ndugu aliye Ndola au Dar es Salaam, hata ukiwa mzuri, usiufuate hapa. Kama kesi imeshafika tribinalini, tafuta avoka (wakili).

Nauza unga na makala (makaa) mbele ya nyumba, Katuba. Lazima niwe na RCCM?

Kwa ukubwa huo, patenti, yaani karatasi ya ruhusa ya biashara ndogo, inatosha. Msingi wake ni ordonansi-loi (amri ya rais yenye nguvu ya sheria) namba 79/021 ya tarehe 2 Agosti 1979 juu ya biashara ndogo, iliyorekebishwa mwaka 1990. Hutolewa na utawala wa mahali unapouzia, na ni ya mwaka mmoja. Tarehe ndiyo kitu cha kwanza mkaguzi anachotazama. Cha pili ni jina. Patenti ya dada yako haikulindi wewe uliyesimama kwenye meza, hata kama mtaji ni wake.

RCCM ni daftari la wafanyabiashara, linaloshikwa na grefe (biro ya karani) ya tribinali ya biashara. Utaihitaji siku utakapofungua depo, utakapotaka kuuzia kampuni, au utakapoomba mkopo wa maana benki.

Nasikia kuna hali inayoitwa "entreprenant". Ni nini?

Ni mtu mmoja anayefanya kazi yake mwenyewe, iwe biashara, ufundi, kilimo au huduma, na ambaye badala ya kuandikishwa RCCM anatoa tangazo tu kwenye grefe. OHADA iliianzisha hali hii katika sheria ya biashara ya Desemba 2010. Mipaka yake ni mauzo ya mwaka: franka za CFA milioni 60 kwa anayenunua na kuuza, milioni 40 kwa fundi, milioni 30 kwa mtoa huduma. Ukiivuka miaka miwili mfululizo, unaandikishwa kama mfanyabiashara kamili. Kitu unachodaiwa ni daftari la kila siku la mapato na matumizi, na kila mwenye akili anapaswa kuwa nalo hata bila sheria.

Nikue vipi: etablisma (biashara kwa jina lako mwenyewe) au SARL (kampuni)?

Watu wengi wanakimbilia SARL kwa sababu jina linapendeza kwenye kadi. Swali la kujiuliza ni moja: deni likikushinda, nani atalipa? Katika etablisma, wewe na biashara ni mtu mmoja. Mdai anaweza kufuata pikipiki yako na kiwanja chako cha Kampemba, hata kama deni ni la duka. Katika SARL, kila mshirika anapoteza kile alichoweka, basi, isipokuwa kama mwenyewe amesaini kuwa mdhamini. Na benki zetu hupenda sana kumsainisha msimamizi kama mdhamini, kwa hiyo soma ukurasa wa mwisho kabla ya kushika kalamu.

Tangu arete (amri ya mawaziri) ya tarehe 30 Desemba 2014, mtaji wa SARL katika Kongo unapangwa na washirika wenyewe. Hakuna tena kiwango cha chini cha kukuzuia. Mtu mmoja pia anaweza kuunda SARL peke yake. Lakini SARL inadai statuti (kanuni zilizoandikwa za kampuni), hesabu za kila mwaka, mkutano wa washirika, na akaunti ya benki isiyochanganywa na feza ya nyumbani. Kama hutaweza kuyashika hayo, baki na etablisma na ulipe madeni yako kwa wakati.

Guichet Unique, biro moja ya kuandikisha biashara, inanipa nini hasa?

Karatasi ambazo zamani ulizifuata biro moja moja: RCCM, namba ya utambulisho wa taifa, namba ya kodi, na kuandikishwa CNSS (hifadhi ya jamii), INPP (mafunzo ya kazi) na ONEM (ajira). Iliundwa kwa dekreti mwishoni mwa 2012, na Lubumbashi kuna biro yake. Uliza bei iliyobandikwa, lipa benki, chukua risiti. Vijana wanaosimama nje wakisema "yaya, leta nikufanyie haraka" si sehemu ya biro. Baadhi wana msaada wa kweli, kujaza fomu ya Kifaransa si kazi rahisi kwa kila mtu, ila usimwachie mtu wa barabarani karte yako ya asili.

Nimeshafanya biashara muda mrefu bila kuandikishwa. Nimepoteza nini?

Sheria inampa mfanyabiashara mwezi wa kwanza wa kazi kuomba RCCM. Asiyeandikishwa hawezi kudai haki za mfanyabiashara, lakini majukumu ya mfanyabiashara yanambana vilevile. Mbele ya jaji huwezi kusema "mimi sikuandikishwa, kwa hiyo sidaiwi". Unabebeshwa mzigo wote bila kupata faida yoyote. Nenda ukajiandikishe sasa.

Mimi na mdogo wangu tuna mashine ya kusaga Ruashi. Hatujaandika chochote, tunaaminiana. Kuna hatari?

Ipo, na haihusu kuaminiana kwenu. Watu wawili wakitia mali pamoja, wakagawana faida na kujiendesha kama washirika bila kuunda kampuni inayotambulika, OHADA inaona hapo kampuni ya ukweli, yaani iliyozaliwa kwa matendo. Jaji akishaithibitisha, anatumia kanuni za kampuni ambamo kila mshirika anabeba madeni yote kwa mali yake yote. Mdogo wako akichukua mazuti kwa deni kwa ajili ya mashine, muuza mazuti anaweza kukudai wewe peke yako, deni lote, kisha wewe ndiye umfuate mdogo wako.

Shida inazidi mmoja anapofariki. Wajane na watoto wanafika, wajomba wanafika, kila mmoja na hesabu yake, na hakuna karatasi inayosema mashine ilinunuliwa kwa feza ya nani. Andikeni ukurasa mmoja: nani aliweka nini na lini, mashine ni ya nani, faida inagawanywaje, nani anaruhusiwa kukopa na mpaka kiasi gani, na mmoja akitaka kutoka inakuwaje. Sainini wote wawili mbele ya mashahidi, mmoja kutoka kila upande wa familia kama mna mama tofauti. Kwa Kiswahili ni sawa kati yenu. Kwa notere au tribinalini mtahitaji Kifaransa. Ndugu anayekasirika kwa kuombwa saini ndiye hasa wa kusainishwa.

Mimi ni mke wa mtu. Lazima mume wangu akubali nifungue duka?

Ruhusa ya mume iliyokuwa katika Kodi ya Familia (Code de la famille, kitabu cha sheria za familia) ya 1987 iliondolewa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Kinachobaki ni kwamba mume na mke wanapaswa kuelewana juu ya matendo ya kisheria yanayowafunga, na hilo linamhusu baba sawasawa na mama. Afisa au benki ikikuomba "karatasi ya ruhusa ya mume", omba na wewe wakuonyeshe kifungu.

Jambo lingine: kumsaidia mume dukani hakukufanyi mfanyabiashara. Kama duka ni lako, karatasi ziwe kwa jina lako.

Mgeni anaweza kuuza rejareja sokoni?

Hapana. Biashara ndogo imetengewa Wakongomani na ordonansi-loi ileile ya patenti. Mgeni anaruhusiwa biashara nyingine, kwa RCCM na karatasi zake za kukaa nchini. Tatizo tunaloliona mjini ni Mkongomani anayempa mgeni jina lake kwa malipo ya mwezi. Kodi zikidaiwa, jina lililoandikwa ndilo linalotafutwa.

Mwenye nyumba anataka nihame dukani kufikia mwisho wa mwezi. Anaweza?

Kwa nyumba ya biashara, sheria ni ya OHADA, na inamlinda mpangaji kuliko wengi wanavyojua. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Usipokuwa na maandishi au muda uliopangwa, unahesabiwa kuwa hauna mwisho, na wa namna hiyo unavunjwa kwa notisi ya angalau miezi 6. "Mwisho wa mwezi" si notisi.

Ukiwa na mkataba wenye muda, na umefanya kazi iliyokubaliwa hapo angalau miaka 2, una haki ya kuufanya upya. Lakini lazima uombe mwenyewe, si chini ya miezi 3 kabla haujaisha, kwa njia inayothibitisha kwamba barua imepokelewa: kwa huissier (afisa wa tribinali anayepeleka barua na kuandika ushahidi), au nakala aliyoisaini mwenye nyumba. Ukiacha muda upite, haki imekufa. Mwenye nyumba naye akinyamaza hadi mwezi mmoja kabla ya mwisho, amekubali. Wapangaji wengi wanapoteza nafasi nzuri za katikati ya mji hapa tu, kwa barua moja ambayo haikuandikwa.

Ukichelewa kulipa, hali ni tofauti. Mwenye nyumba anatakiwa kwanza akupe onyo rasmi na mwezi mmoja wa kurekebisha, kisha aende kwa jaji. Kubadilisha kufuli usiku haimo katika sheria yoyote. Piga picha, ita mashahidi, nenda kwa huissier aandike alichokikuta.

Unapoingia, hakikisha karatasi inataja kiasi cha garanti na lini itarudi, ni fedha gani mnatumia, nani analipa kodi ya pato la nyumba, na kazi gani inaruhusiwa. Aliyepanga kwa saluni kisha akaweka terasi ya bia amejivunjia mkataba mwenyewe.

Watu wa leta (serikali) wanapita kila wiki, kila mmoja na kikaratasi chake. Nilipe yupi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Kifungu cha 174 cha Katiba ya 2006 kinasema hakuna kodi isipowekwa na sheria. Na tangu Machi 2018 kuna orodha mbili: ordonansi-loi namba 18/003 kwa kodi na haki za serikali kuu, na namba 18/004 kwa zile za jimbo, miji na komine. Kitu kisichomo katika orodha hizo hakidaiwi, hata kama anayekidai amevaa vizuri.

Jua kwanza nani ni nani. DGI ni kodi za serikali kuu. DGRAD inapokea haki za wizara mbalimbali. DRHKAT ni ya jimbo la Haut-Katanga. Komine ina ushuru wake. CNSS, ukaguzi wa kazi na wizara ya uchumi wana kazi zao, na kila mmoja anabaki kwenye lake. Mtu wa mazingira hakagui TVA (kodi ya ongezeko la thamani).

Afisa anapofika, mkaribishe, mpe kiti. Kelele haisaidii, na ukali mbele ya wateja unakuumiza wewe. Kisha omba kuona ordre de mission (barua ya kutumwa kazi): iwe na jina lake, jina la biro, kazi aliyotumwa, tarehe, saini na muhuri. Linganisha jina na karte yake. Andika yote kwenye daftari lako huku anakuona. Wengine hukumbuka ghafla kwamba wana kazi mahali pengine. Kama kuna deni la kweli, litakuja kwa notisi yenye jina lako, aina ya kodi, sheria yake, kiasi, na akaunti ya benki. Unalipa benki na unabaki na uthibitisho. Ushuru mdogo wa kila siku wa soko ndio unaolipwa mkononi, kwa tikiti. Tikiti isipotolewa, hakuna malipo.

Na sasa neno gumu. Wauzaji wengi wanapenda "kupanga" na afisa kwa sababu ni bei ndogo kuliko kodi. Mwezi ujao anarudi, na amemwambia mwenzake. Aliye na karatasi zake kwenye faili moja anabishana dakika kumi. Asiye nazo hulipa mwaka mzima.

Kodi ya DGI ni kiasi gani kwa mdogo kama mimi?

Ordonansi-loi namba 13/006 ya Februari 2013 iliweka hivi: mauzo ya mwaka yasiyozidi franka za Kongo milioni 10, unalipa franka 50,000 kwa mwaka mzima. Kutoka hapo hadi chini ya milioni 80, unalipa asilimia 1 ya mauzo ukiuza bidhaa, asilimia 2 ukitoa huduma. Hesabu ni juu ya mauzo, hata kama hukupata faida. Kodi ya mapato imeandikwa upya kwa sheria ya 2023, na sheria ya fedha ya kila mwaka inaweza kugusa viwango, kwa hiyo chukua jedwali la mwaka huu kwenye biro ya DGI kabla ya kujaza fomu. Namba ya kodi ni bure.

Na TVA?

Ni asilimia 16, na ilianza Januari 2012. Chini ya mauzo ya milioni 80 kwa mwaka huiingii, na usiiandike kwenye faktira yako: ukiiandika, unaidaiwa.

Daftari la mapato liwe namna gani?

Kaye ya kawaida ya mwanafunzi inatosha. Mistari ya wima minne: tarehe, maelezo, kilichoingia, kilichotoka. Mfano: "12/3, kuuza unga mifuko 3, iliingia 135,000", mstari wa chini, "12/3, posho ya nyumbani, ilitoka 20,000". Huo mstari wa posho ndio watu wanauficha, na ndio unaokula duka. Ukipokea kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, andika siku ileile na makato yake. Likelemba (mchango wa zamu) pia iandikwe: zamu yako ikifika, ile si faida. Tunza kaye na faktira kwa miaka 10.

Nina vijana wanaopakua lori, nawalipa kwa siku. Hao ni wafanyakazi wangu?

Wanaweza kuwa, bila wewe kujua. Kodi ya Kazi (Code du travail, kitabu cha sheria za kazi) ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kijana wa siku akishafanya siku 22 ndani ya miezi 2, ukimchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa usio na mwisho. Kuanzia hapo kumwambia "kesho usije" ni kumfukuza kazi, pamoja na notisi na yote yanayofuata. Hesabu ni rahisi: kijana anayepakua siku tatu kwa juma anafika siku 22 kabla miezi miwili haijaisha. Andika siku za kila mmoja kwa jina.

Mkataba usioandikwa nao unachukuliwa kuwa usio na mwisho mpaka ithibitishwe vingine. Kwa hiyo mwajiri ndiye mwenye faida kubwa ya kuandika. Kipindi cha majaribio hakipiti mwezi mmoja kwa kazi isiyo na ufundi, miezi 6 kwa nyingine. Saa za kazi ni 45 kwa juma. Mtoto wa ndugu aliyetoka kijijini "kusaidia" naye ni mtu wa sheria: chini ya miaka 16 hawezi kufunga mkataba wa kazi.

CNSS inafuata. Mchango ni asilimia 18 ya mshahara, 13 kutoka kwako na 5 kutoka kwake. Usipolipa kisha gunia likamvunja mguu, hospitali itakutazama wewe.

Naleta mali kutoka Zambia. Kasumbalesa nikutane na nani?

Dekreti namba 036/2002 ya Machi 2002 iliruhusu huduma nne tu mpakani: forodha, ambayo leo ni DGDA, OCC kwa ubora wa bidhaa, DGM kwa watu, na usafi wa afya. Mwingine akikusimamisha, muulize kazi yake ni ipi kati ya hizo nne. Tunza deklarasioni ya forodha dukani. Mali isiyo na karatasi inafuatwa hadi Lubumbashi.

Mteja hanilipi, nami nina ujumbe wa simu tu.

Kama ni mfanyabiashara mwenzako, ujumbe unaweza kutosha: dhidi ya mfanyabiashara, biashara inathibitishwa kwa njia yoyote, hata ya kielektroniki. Usifute mazungumzo, na usibadilishe simu bila kuyahifadhi. Mwandikie kiasi na tarehe ili ajibu. "Nivumilie hadi Ijumaa" ni kukiri deni. Una miaka 5 ya kudai. Kwa deni lililo wazi kuna njia fupi ya kuomba amri ya kulipa, injonction de payer, isiyohitaji kesi ndefu. Kesi yenyewe ikifika tribinali ya biashara, inasikilizwa na watu watatu: jaji wa kazi hiyo, na wawili wanaotoka katika biashara, wanaojua depo inavyoendeshwa.

Polisi si njia. Deni la biashara halimfungi mtu, na ukimweka ndani hatapata hiyo feza humo.

Jina la duka langu limeigwa. RCCM hainilindi?

Inasaidia kwa jina la biashara. Alama ya bidhaa, ile ya kwenye chupa au mfuko, inaandikishwa wizara ya viwanda chini ya sheria ya tarehe 7 Januari 1982. Nchi nyingi za OHADA huandikisha OAPI, shirika la Kiafrika la mali ya ubunifu. Kongo si mwanachama wa OAPI.

Nataka kazi ndogo kwa kampuni za migodi: kufua nguo, kupika, kusafirisha.

Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 imetenga kazi hizo za soutraitance (kazi ndogo unazopewa na kampuni kubwa) kwa kampuni zenye mtaji wa Kikongomani zilizoanzishwa na Wakongomani, na mlango ni ARSP, mamlaka inayosimamia soutraitance. Hapa patenti haitoshi: watataka RCCM, uthibitisho wa kodi na CNSS. Jihadhari na anayekuomba jina lako liwe mbele huku kampuni ni yake.

Nafunga. Niondoke tu?

Usiondoke kimya. Ndani ya mwezi mmoja baada ya kuacha kazi, omba jina lako lifutwe RCCM, na uwaarifu DGI na CNSS kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa. Bila hivyo, kodi zinaendelea kuhesabiwa kwa duka ambalo halipo. Mwenye biashara akifariki, warithi wana miezi 3 kufuta au kubadilisha jina.

Kaye na faktira usizichome wala usizifungie mandazi. Ile miaka 10 inaendelea hata duka likifungwa.